Makubaliano Yana Tarehe: Makato ya Ovadrafti Baada ya Kupanga Malipo

Niliombwa nizungumzie benki na wateja wake. Habari hiyo ni ndefu, kwa hiyo nimechagua sehemu moja tu, ile inayowaumiza watu wetu wa Meru na Embu bila wao kujua wabishe hodi wapi. Ni makato yanayoendelea kuingia kwenye akaunti ya ovadrafti baada ya mteja na benki kukaa kitako, kupanga namna ya kulipa deni, na kutia sahihi.

Dawa ya deni ni kulipa, na sikuja kumfundisha mtu kukwepa deni lake. Lakini mtu anayelipa kila mwezi na deni halishuki ana haki ya kuuliza fedha zake zinakwenda wapi. Akiuliza kwenye tawi, jibu analopewa mara nyingi ni moja: "Hiyo ni sistimu." Mhadhara huu wote ni bishano langu na jibu hilo. Sistimu haikutia sahihi popote. Waliotia sahihi ni benki na mteja, na karatasi yao ina tarehe. Kila shilingi iliyokatwa baada ya tarehe hiyo lazima iwe na mahali ilipotoka ndani ya karatasi hiyo au ndani ya sheria. Isipokuwa na mahali, irudishwe.

Ovadrafti inapendwa huku kwetu kwa sababu fedha zetu huja kwa msimu. Mkulima wa kahawa wa Manyatta au wa Imenti hupeleka buni kiwandani leo na kulipwa miezi mingi baadaye. Anayenunua bidhaa za duka kwa kutegemea kwamba wakulima watalipwa, naye anangoja pamoja nao. Mfanyabiashara wa miraa wa Maua hana hata uhakika wa msimu: Uingereza ilifunga mlango Juni 2014, na Somalia ikafunga Machi 2020 hadi Julai 2022. Mei 2024 ilikuwa zamu ya muguka wa Mbeere, pale kaunti za pwani zilipoupiga marufuku na Mahakama Kuu ya Embu ikaingilia kati kusimamisha amri hizo. Mtu wa biashara hizi hahitaji mkopo wa miaka mitano wenye fungu lile lile kila mwezi. Anahitaji ruhusa ya kutoa zaidi ya alicho nacho kwa wiki chache, kisha arudishe mzigo ukiuzwa. Ovadrafti ni ruhusa hiyo.

Shida ni kwamba mkopo wa kawaida una ratiba, na mwenye nao anajua tarehe 5 analipa kiasi gani hadi mwaka gani. Ovadrafti haina ratiba. Ina kikomo, na riba inahesabiwa kila siku juu ya kiasi kilichotumika. Ukivuka kikomo, au muda wa ruhusa ukiisha kabla hujarudisha, riba ya adhabu inapanda juu ya riba ya kawaida. Ikifika siku 90, kwa miongozo ya Benki Kuu, deni linaingia kundi la mikopo iliyokwama. Hapo ndipo simu zinaanza kulia kutoka idara ya kufuatilia madeni, na hapo ndipo makubaliano yanapoandikwa.

Tuchukue mfano, nao ni mfano tu, wa mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi Runyenjes. Kikomo chake kilikuwa shilingi 200,000. Ujenzi umesimama, wateja wamechelewa, na ovadrafti imefika 236,000. Anaitwa benki, anaeleza hali yake, wanakubaliana alipe 10,000 kila mwezi. Ofisa anamwambia kwa mdomo, "Mama, usijali, riba tutaisimamisha." Barua anayopewa inataja 236,000 na 10,000, basi. Riba haitajwi kabisa.

Mama anapiga hesabu yake nyumbani: miezi 24 atakuwa amemaliza, na fungu la mwisho dogo. Hesabu ya kompyuta ya benki ni nyingine. Kama riba ya kawaida ilikuwa asilimia 14 kwa mwaka na ya adhabu 10 juu yake, na hakuna aliyeingia kwenye akaunti kuzizima, mwezi wa kwanza peke yake riba ni 4,720. Katika zile 10,000, zaidi kidogo ya nusu tu ndiyo inayogusa deni. Kwa mwendo huo atalipa miezi 33, na katika safari yote atakuwa ametoa zaidi ya shilingi 80,000 ambazo hakuwahi kuambiwa kuzihusu.

Hiyo ni riba. Sasa tazameni ada, maana hapa ndipo mtego ulipo na wengi hawauoni. Mara nyingi deni lililopangwa upya hufunguliwa akaunti yake ya mkopo, na fungu la mwezi huhamishwa kwa agizo la kudumu kutoka akaunti ya zamani. Mama anaweka 10,000 kamili tarehe 3. Tarehe 4 akaunti ya zamani inakatwa ada ya mwezi, tuseme 300. Tarehe 5 agizo linataka 10,000 na linakuta 9,700. Linashindikana. Kwa kushindikana huko inakatwa ada nyingine, na juu ya ada kuna ushuru wa serikali. Kwenye vitabu fungu la mwezi halikulipwa, ingawa fedha zimo humo humo ndani ya benki. Kwa kutolipa inatozwa adhabu. Mwezi unaofuata mama anaweka 10,000 nyingine akidhani yuko sawa, na idara ya madeni inamwandikia kwamba amevunja makubaliano. Mtu ameanguka kwa shilingi 300 ambazo benki yenyewe ndiyo iliyozikata.

Nimewaeleza hayo kwa kirefu kwa sababu anayekwenda kulalamika akisema "mnanionea" anarudi mikono mitupu. Anayekwenda na stetimenti akaonyesha tarehe 3, tarehe 4 na tarehe 5 hajibiwi kwa neno "sistimu". Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mwenye deni anahitaji daftari hilo kuliko hata mwenye mali.

Sasa tuje kwenye sheria. Lazima niwaeleze kesi moja ya Uingereza ya mwaka 1884, maana kivuli chake kinafika hadi mahakama za Meru na Embu. Daktari mmoja aitwaye Foakes alishindwa kesi na akawa anadaiwa na Bi Beer pauni 2,090 na ushei. Desemba 1876 waliandikiana: daktari atoe pauni 500 papo hapo, kisha 150 kila nusu mwaka hadi deni liishe, na Bi Beer hatachukua hatua yoyote juu ya hukumu ile. Daktari akalipa yote. Alipomaliza, Bi Beer akadai riba ya miaka yote aliyokuwa akingoja. Baraza la Malodi likampa haki Bi Beer. Sababu yao ilikuwa kwamba ahadi ya kuacha riba haina nguvu kama aliyeahidiwa hakutoa kitu kipya badala yake, na kulipa kile ambacho tayari unadaiwa si kitu kipya.

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 23, inasema wazi kwamba kanuni za mikataba za Uingereza zinatumika Kenya pale ambapo sheria iliyoandikwa haijasema vinginevyo. Kwa hiyo ofisa akikuahidi kwa mdomo kwamba riba imesimama, wakili wa benki anaweza kusimama mahakamani na daktari Foakes mkononi.

Msikate tamaa, kuna majibu. La kwanza ni kwamba Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 120, inamzuia mtu kukana jambo alilomfanya mwenzake aliamini na kutenda kwa kuliamini. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilitambua kanuni inayofanana na hiyo zamani, mwaka 1965. Kama uliuza ng'ombe au gari ili kutimiza makubaliano kwa sababu benki ilikuambia riba imesimama, una la kusema. Jibu la pili ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu halihitaji wakili: toa kitu kipya, na kiandikwe. Lipa kiasi fulani mbele ya tarehe. Leta mdhamini. Kubali kikomo cha ovadrafti kifutwe. Kisha sentensi moja iandikwe kwamba kwa kuwa mteja ametoa hiki, benki inasimamisha riba, adhabu na ada zote za akaunti hii kuanzia tarehe fulani. Sentensi hiyo moja inaua hoja ya Foakes kabla haijazaliwa.

Upande wa sheria zetu wenyewe, tuna silaha ambazo watu wengi hawajui kuwa wanazo. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinakataza benki kuongeza viwango vya ada na tozo bila idhini ya Waziri wa Fedha. Kwa miaka mingi mabenki yalisema riba haimo katika neno "tozo". Bishano hilo lilifika Mahakama ya Juu katika kesi ya Stanbic na kampuni ya Santowels, na mwaka 2024 majaji wakasema riba imo. Kwa hiyo barua ya malalamiko ya mtu wa Nkubu au Siakago sasa inaweza kuwa na ombi fupi: kama mlipandisha riba au ada yangu, nipeni nakala ya idhini.

Kifungu cha 56 cha Sheria ya Ushindani ya 2010 kinagusa jambo letu moja kwa moja. Kinasema mteja wa huduma za benki lazima ajulishwe ada zote, ziitwe jina lolote lile, na kinakataza kumtoza ada ambayo hakujulishwa kabla. Maneno hayo, "ziitwe jina lolote lile", yana thamani kubwa. Kwenye stetimenti ada haijiiti adhabu. Inajiita gharama ya usimamizi, ada ya mapitio, au herufi tatu ambazo hata karani hazijui. Malalamiko juu ya kifungu hiki yanapokelewa na Mamlaka ya Ushindani, ile ile ambayo mwaka 2016 iliwalazimisha watoa huduma za fedha kwa simu kumwonyesha mteja gharama kabla hajabonyeza kukubali. Miongozo ya Benki Kuu ya kumlinda mteja, iliyoanza kutumika Januari 2013, nayo inadai mteja apewe taarifa ya siku 30 kabla ya masharti au ada kubadilishwa. Juu ya hizo zote kuna Katiba: ibara ya 46 inampa mlaji haki ya kupata habari za huduma anayolipia, na ibara ya 35 inampa kila raia haki ya habari zilizo mikononi mwa mtu mwingine ikiwa anazihitaji ili kulinda haki yake.

Kuna kifungu ambacho watu wamekisikia nusu nusu, nacho ni cha 44A, kilichoanza kazi Mei 2007. Historia yake ni ya machungu. Riba iliachiwa huru mwaka 1991, na katikati ya miaka ya tisini wako waliokopa wakajikuta wanadaiwa mara kadhaa ya walichochukua. Mbunge wa Gem, Joe Donde, alijaribu kuweka kikomo mwaka 2000, mabenki yakaenda mahakamani, na sheria yake haikufua dafu. Kilichosalimika baadaye ni hiki cha 44A: mkopo ukishakwama, riba ambayo benki inaweza kudai haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwapo siku ulipokwama. Ovadrafti imo, maana sheria inataja mkopo wa kila aina. Mahakama ya Rufani imekitumia kifungu hiki mara kadhaa kupunguza madai ya mabenki, na mwaka 2022 Mahakama Kuu iliutumia msingi huo huo hata kwa mikopo ya wanafunzi ya HELB.

Watu wanasimama hapo, wanafurahi, hawasomi kifungu kidogo cha tatu. Nawaomba tukisome pamoja, maana ndicho kinachowahusu walioingia kwenye makubaliano. Kinasema hivi kwa maana yake: mkopo uliokwama, mwenye deni akaanza tena kulipa, kisha ukakwama tena, kikomo kinahesabiwa kuanzia mara ya mwisho ulipokwama. Mrudieni yule mama wa Runyenjes. Siku ya kwanza alipokwama, tuseme deni la msingi lilikuwa 200,000, na riba isingeweza kuzidi 200,000 nyingine. Makubaliano yakachukua riba na ada za nyuma, yakaziunganisha na msingi, ikawa 236,000. Akalipa miezi michache, ikashuka hadi 225,000, kisha akashindwa. Benki sasa itasema msingi ni 225,000 na riba inaweza kupanda hadi 225,000 nyingine. Riba ya jana imegeuka kuwa msingi wa leo. Mtu aliyejitahidi kulipa amejikuta na dari iliyo juu kuliko yule ambaye hakulipa hata senti.

Sidhani Bunge lilikusudia hivyo, na ninaona kifungu hicho ni kosa linalostahili kurekebishwa. Afrika Kusini, katika sheria yake ya mikopo ya mwaka 2005, imeingiza hata ada na gharama za kukusanya deni ndani ya dari, si riba peke yake. Sisi tumeziacha gharama za kukusanya zikae nje. Wabunge wa kaunti hizi mbili wanajua uchungu wa mikopo ya kahawa kuliko wengi wenzao, na marekebisho ninayoyadai ni ya mstari mmoja: deni la msingi katika 44A libaki lile la siku ya kwanza mkopo ulipokwama, isipokuwa mteja amechukua fedha mpya.

Kabla Bunge halijafanya hivyo, jilindeni kwenye karatasi. Kataeni riba na ada za nyuma ziunganishwe na msingi, ziandikwe kando kwa jina lake. Andikeni fungu la mwezi linakatwa kwenye nini kwanza, na mpiganie likatwe kwenye msingi. Andikeni kwamba akaunti ya zamani imefungwa, au haitatozwa ada yoyote, ili shilingi 300 zisimwangushe mtu. Tena msitie sahihi siku hiyo hiyo. Chukueni rasimu, mkaisome nyumbani na mtoto aliyesoma, na mwalimu wa jirani, na mtu wa hesabu. Jambo jingine linalowaponyoka watu: chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashauri, madai ya mkataba yana miaka 6, lakini ukikiri deni kwa maandishi na sahihi, au ukilipa sehemu yake, miaka hiyo inaanza upya. Kama kuna kiasi usichokikubali, usikikiri. Andika wazi, "Nakubali kiasi hiki, kile napinga."

Na aliyekwisha kusaini karatasi fupi kama ya yule mama? Aanze na stetimenti ya akaunti zote mbili, ya zamani na ya mkopo, kuanzia miezi michache kabla ya makubaliano. Kama tawi linazungusha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuziona taarifa zake binafsi zilizo mikononi mwa taasisi. Kisha achukue kalamu nyekundu, apige mstari tarehe ya makubaliano, na kila kilichokatwa chini ya mstari huo akitolee swali: kimetoka kwenye sentensi ipi? Barua ya malalamiko iwe ya ukurasa mmoja. Iwe na tarehe, kiasi, na sentensi inayovunjwa. Iombe mambo mawili tu, kurudishiwa jumla ya makato hayo na kuzimwa kwa riba kwenye kompyuta. Ipelekwe tawini, nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nyingine iende makao makuu. Bila muhuri, kesho ataambiwa barua haikufika.

Benki ikinyamaza au ikikataa, malalamiko yanakwenda Benki Kuu, Nairobi, idara inayosimamia mabenki. Najua kuna kituo cha Benki Kuu hapa Meru mjini, lakini kazi ya kituo hicho ni fedha taslimu, msiende kupoteza nauli. Uingereza wana ofisi ya upatanishi wa huduma za fedha tangu 2001, ambayo mteja haitozwi chochote na uamuzi wake, mteja akiukubali, unaifunga benki. Sisi hatujapata ofisi ya namna hiyo, na ni pengo kubwa. Msidhani lakini kwamba wao walipata kila kitu mahakamani. Novemba 2009 Mahakama ya Juu ya kwao iliamua kwamba mdhibiti hana uwezo wa kupima haki ya ada za ovadrafti isiyoidhinishwa, na maelfu ya watu waliokuwa wakidai wakaondoka bila kitu. Ilichukua hadi Aprili 2020 ndipo mdhibiti mwingine alipofuta kabisa ada zile za kila siku na kila mwezi, akaamuru ovadrafti itozwe riba moja iliyo wazi. Walioshindwa mahakamani walishinda kwa kanuni, kwa sababu hawakuacha kuandika malalamiko.

Njia ya mahakama kwetu imekuwa nyepesi kidogo. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza Milimani Aprili 2021 kisha ikaenea miji mingine, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60. Unaweza kusimama mwenyewe. Fedha zako zilizoshikwa na mwingine bila haki ni dai linaloingia humo. Kwa madeni ya sacco mambo ni tofauti: 44A inataja mabenki na taasisi za fedha kama zilivyotajwa katika Sheria ya Benki, na sacco zina mdhibiti wake, SASRA, na Mahakama ya Vyama vya Ushirika. Msichanganye barua.

Nina onyo moja zito kwa mliotoa hatimiliki ya shamba kuwa rehani ya ovadrafti. Mahakama zetu zimesema tena na tena kwamba ubishi juu ya kiasi cha deni, peke yake, si sababu ya kuzuia mnada. Unaweza kuwa na haki ya kurudishiwa 80,000 na shamba likauzwa wakati unaidai. Sheria ya Ardhi ya 2012 inakupa ilani ya miezi mitatu, kisha ilani nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza, na dalali naye ana siku zake 45 chini ya kanuni za madalali. Siku hizo ni nyingi, lakini watu wetu huzimaliza wakingoja jibu la barua. Endelea kulipa kile usichokibishia, kila mwezi, kwa risiti, huku ukipinga kile unachokipinga. Anayelipa na kupinga anasikilizwa. Anayeacha kulipa ili apinge amempa wakili wa benki hoja yake ya kwanza.

Vijana, najua mnajiuliza haya yanawahusu vipi na hamna akaunti ya ovadrafti. Mnayo kwenye simu. Fuliza, iliyoanza Januari 2019, ni ovadrafti kwa maana kamili ya neno. Baada ya viwango kupunguzwa Oktoba 2022, anayedaiwa zaidi ya shilingi 2,500 hutozwa 25 kwa siku. Kwa mwenye 2,501 hiyo ni karibu asilimia moja kwa siku, bila kuhesabu ada ya mwanzo na ushuru. Fedha yoyote ikiingia kwenye simu, deni linajilipa lenyewe kwanza. Nafasi ya kukaa na mtu na kupanga malipo hamna hata hiyo, na sijui kwa nini tumelikubali hilo kimya kimya.

Nilisikia wengine wamekuja na stetimenti zao leo. Wakati wa maswali tutazifungua hapa mezani, tutafute ukurasa wenye tarehe ya makubaliano, na tuhesabu kilichokatwa chini yake.